Mboga Mezani Mwaka Mzima: Jinsi ya Kupanga Kalenda ya Bustani ya Nyumbani

Mwezi wa Mei, mboga si tatizo katika sehemu nyingi za Kaunti ya Kilifi. Mchicha huota hata pasipopandwa, kunde hutambaa hadi njiani, na bei ya fungu sokoni hushuka kwa sababu kila mtu anazo. Ifikapo Februari mambo hugeuka. Bustani nyingi huwa mchanga mtupu, na familia iliyokuwa ikiwagawia majirani mboga bure hununua fungu dogo kwa bei ya juu, au hula ugali na mchuzi mwembamba.

Jua kali ni sehemu ya sababu, lakini si sababu yote. Bustani nyingi za nyumbani hupandwa mara moja au mbili kwa mwaka, matuta yote katika juma lilelile mvua inapoanza. Kinachopandwa pamoja huvunwa pamoja na huisha pamoja. Familia inayopanga tarehe za kupanda kabla ya mvua kufika inaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo bila kuongeza hata hatua moja ya shamba. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya mpango huo, kwa kutumia mboga zinazojulikana hapa na majira ya hapa.

KUJUA MAJIRA YA MAHALI PENYEWE

Watu wa Pwani wamekuwa wakigawa mwaka kwa upepo na mvua tangu zamani, na mgawanyo huo bado unafaa kwa bustani.

Masika huanza kati ya mwisho wa Machi na Aprili, na mvua huwa nyingi zaidi Mei. Kisha upepo wa kusi huleta miezi ya baridi kiasi, Juni hadi Septemba, na karibu na bahari hupatikana manyunyu ya hapa na pale yanayoitwa mchoo. Vuli huja Oktoba hadi Desemba mwanzoni, na mvua yake ni fupi, tena haiaminiki kama ya masika. Mwisho ni kaskazi, Januari hadi Machi, wakati wa joto kali na ardhi kavu.

Majira hayo hayafanani kaunti nzima. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 1,300 katika sehemu za ukanda wa pwani, lakini hushuka hadi karibu milimita 300 katika sehemu kavu za bara. Mkaazi wa Mtwapa, Watamu au Rabai anaweza kutegemea manyunyu ya Julai kukuza mche. Mkaazi wa Bamba au wa bara ya Magarini hawezi. Kwake, mwaka wa bustani ni misimu miwili mifupi, na kila kitu kingine hutegemea maji yaliyohifadhiwa. Anayelima kando ya Mto Sabaki ana hesabu yake tofauti: ana maji karibu wakati wa kiangazi, lakini matuta ya ukingoni yako hatarini Aprili, Mei na Novemba mto unapofurika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika, kwenye karatasi yenye miezi 12, ni miezi ipi ambayo mvua inatosha hapo nyumbani, miezi ipi inahitaji maji ya kumwagilia, na maji hayo yatatoka wapi.

KUHESABU KUTOKA MEZANI

Wengi huuliza, "Mvua imenyesha, nipande nini?" Swali linalojenga kalenda nzuri ni lingine: "Mwezi fulani tutakula nini, na kwa hiyo kipandwe lini?" Hesabu huanza mezani na kurudi nyuma hadi kwenye mbegu.

Ili kuhesabu, mkulima anahitaji kujua muda wa kila mboga. Muda ufuatao ni wa kawaida na unaweza kubadilika kidogo kulingana na aina ya mbegu, udongo na maji:

• Mchicha: huvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa. Ukikatwa badala ya kung'olewa, huchipua tena.
• Kunde ya majani: huanza kuchumwa wiki 3 hadi 4, punje huwa tayari kati ya siku 60 na 90.
• Mnavu: wiki 4 hadi 6.
• Bamia: siku 45 hadi 60, kisha huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu.
• Sukuma wiki: wiki 4 hadi 6 kitaluni, kisha wiki nyingine 4 hadi 6 shambani kabla ya kuchuma. Baada ya hapo huchumwa kwa miezi kadhaa.
• Nyanya: wiki 4 kitaluni, kisha siku 70 hadi 90 shambani.
• Biringanya: wiki 4 hadi 6 kitaluni, kisha siku 60 hadi 80 shambani. Huendelea kuzaa kwa muda mrefu ikitunzwa.

Chukua mfano wa familia inayotaka kula sukuma wiki yake kuanzia mwanzo wa Septemba. Wiki 5 kabla ya hapo, yaani mwishoni mwa Julai, miche iwe imehamishiwa shambani. Wiki 5 kabla ya kuhamishwa, yaani karibu na tarehe 25 Juni, mbegu ziwe zimetiwa kitaluni. Anayekumbuka sukuma wiki mwezi wa Agosti amechelewa; atakula Novemba, wakati joto linarudi na vidukari wanaongezeka.

Kabla ya kuchagua mboga, familia ihesabu inachokula kweli. Kwa wiki mbili, aliye na jukumu la jikoni aandike ni mafungu mangapi ya mboga yamepikwa na ni ya aina gani. Orodha hiyo fupi huzuia kosa la kawaida la kupanda matuta matatu ya biringanya katika nyumba ambayo watoto hawazili.

KUPANDA KWA AWAMU

Mboga za muda mfupi kama mchicha, mnavu, dania na kunde ya majani zisipandwe tuta zima siku moja. Tuta la mita 1 kwa mita 5 ligawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ipandwe leo, ya pili baada ya siku 10, ya tatu baada ya siku 10 nyingine. Sehemu ya tatu inapopandwa, ya kwanza huwa inakaribia kuvunwa. Ikishavunwa, hutiwa samadi na kupandwa upya. Kwa njia hiyo tuta moja hutoa mboga mfululizo badala ya kutoa lundo siku moja na kubaki tupu.

Kunde ina awamu yake ya asili. Majani machanga yakichumwa kidogo kidogo kabla ya maua, mmea huendelea kutoa mengine. Mistari miwili ya pembeni iachwe bila kuchumwa sana, ili izae punje za kula na mbegu ya msimu ujao.

KALENDA YA MWAKA

Kalenda ifuatayo inafaa bustani yenye matuta matano au sita katika ukanda wa pwani na maeneo ya kati kama Kaloleni na Rabai. Kwa Ganze na bara ya Magarini, kazi za Juni hadi Septemba zifanywe tu palipo na maji ya kumwagilia.

Januari na Februari. Usifungue matuta mapya. Tunza biringanya, pilipili, kisamvu na mronge vilivyopandwa mapema, pamoja na tuta moja au mawili ya mchicha karibu na maji. Matuta yaliyo wazi yachimbwe na kuachwa yapigwe na jua, ambalo hupunguza viminyoo vya udongoni. Huu ndio wakati wa kurundika mboji kwa majani makavu, samadi na mabaki ya jikoni, ili iwe imeoza kabla ya masika.

Machi. Andaa kitalu cha biringanya na pilipili mwanzoni mwa mwezi chini ya kivuli cha makuti. Tandaza samadi iliyooza, takriban ndoo mbili za lita 20 kwa tuta la mita 1 kwa 5, na uichanganye na udongo wa juu. Nunua mbegu mapema, kwa sababu wiki ya kwanza ya mvua maduka hujaa. Safisha mifereji ya paa.

Aprili. Mvua ikishatulia, panda kunde, bamia, malenge na awamu ya kwanza ya mchicha. Hamisha miche ya biringanya na pilipili. Panda vikonyo vya muhogo na vya mronge kwenye mpaka wa bustani, pamoja na mashina ya viazi vitamu kwa ajili ya matembele. Mimea hii mitatu haina haraka, lakini ndiyo itakayolisha nyumba kiangazi kijacho.

Mei. Mvua kubwa. Inua matuta na uchimbe mifereji ya kutoa maji. Usihamishe nyanya sasa. Unyevu mwingi huleta ugonjwa wa baka, na mmea unaweza kunyauka wote kwa siku chache. Mwishoni mwa mwezi tia mbegu za nyanya na sukuma wiki kitaluni, chini ya paa la nailoni au makuti ili matone makubwa yasiing'oe miche.

Juni. Ng'oa kunde iliyokwisha, lakini acha mizizi yake udongoni kwa kuwa ina rutuba. Hamisha nyanya mwishoni mwa mwezi. Panda spinachi na dania. Tia kitaluni awamu ya pili ya sukuma wiki.

Julai na Agosti. Hii ni miezi bora ya mboga zinazopenda ubaridi: sukuma wiki, spinachi na nyanya. Hamisha sukuma wiki za awamu ya kwanza mwanzoni mwa Julai na za pili mwishoni. Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi juu ya udongo kabla haujakauka. Funga nyanya kwenye vijiti.

Septemba. Nyanya huanza kuiva. Tia kitaluni biringanya na pilipili za vuli mwanzoni mwa mwezi. Chagua na kukausha mbegu za kunde na bamia ulizoziacha.

Oktoba na Novemba. Vuli ikianza kweli, panda kunde, bamia, mnavu na mchicha, na uhamishe biringanya. Panda kunde nyingi zaidi ya mahitaji ya sasa, kwani ziada itakaushwa.

Desemba. Panda awamu za mwisho za mchicha. Kausha majani ya kunde. Tandaza majani makavu kwenye matuta yote yatakayobaki na mimea wakati udongo bado una unyevu, kisha uamue ni matuta mangapi yatamwagiliwa hadi Machi.

PENGO LA KASKAZI: HESABU YA MAJI

Uamuzi huo wa Desemba ndio unaoonyesha kama kalenda itafaulu, na hesabu yake si ngumu. Wakati wa joto, mita moja ya mraba ya mboga hupoteza takriban lita 5 za maji kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 5 kwa hiyo huhitaji karibu lita 25 kila siku, zaidi kidogo ya mtungi mmoja wa lita 20. Matuta matano ni zaidi ya lita 120 kwa siku. Nyumba inayonunua maji kwa mtungi, au inayoteka mbali, haiwezi kubeba mzigo huo, na ikijaribu, matuta yote matano yatakufa nusu nusu. Ni afadhali kumwagilia tuta moja vizuri kuliko matano kwa kunyunyiza.

Maji ya paa husaidia zaidi ya wengi wanavyodhani. Paa la mabati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25 hupokea lita 1,000. Hata moja ya tano ikipotea, lita 800 hubaki, zinazotosha tuta moja kwa mwezi mmoja. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Desemba linaweza kumwagilia matuta mawili kila siku hadi mwisho wa Machi, mradi lisitumiwe kwa kazi nyingine.

Maji yaliyokwisha kuoshea vyombo au kuogea yanaweza kutumika pia, ikiwa hayana dawa ya kung'arisha nguo. Yamwagwe udongoni kwenye mashina ya biringanya, muhogo au mronge, na si juu ya majani yanayoliwa. Wanaotumia visima vya karibu na bahari waonje maji kwanza. Maji yenye chumvi kidogo huvumiliwa na spinachi na kwa kiasi na mchicha, lakini huharibu maharagwe na karoti.

Matuta ya kiangazi yawe ya kushuka chini, sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi, ili maji yasitoroke. Ni kinyume cha matuta ya Mei, yanayoinuliwa. Kumwagilia kufanywe asubuhi na mapema au jioni. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, hivyo samadi na majani ya kutandaza hufanya kazi sawa na mtungi wa ziada.

MBOGA ZISIZONGOJA MVUA

Mbali na matuta ya kumwagilia, kuna mboga zinazopita kaskazi kwa nguvu zake zenyewe. Muhogo uliopandwa Aprili hutoa kisamvu hadi mvua nyingine. Machipukizi machanga ndiyo yachumwe, na yasichumwe yote shina moja ili muhogo wenyewe usidhoofike. Kisamvu kisiliwe kibichi. Kitwangwe na kuchemshwa vizuri ili sumu yake ya asili iishe.

Mronge hustahimili ukame, na majani yake ni miongoni mwa mboga zenye virutubishi vingi. Ukiachwa, hurefuka na majani hufikiwa na ndege tu. Ukatwe ukiwa na urefu wa takriban mita moja ili utoe matawi ya kufikiwa kwa mkono. Miti mitatu au minne karibu na jiko inatosha familia.

Njia nyingine ni kukausha. Majani ya kunde ya Desemba huoshwa, huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, huchujwa, kisha huanikwa kivulini kwenye mkeka safi penye upepo, yakiwa yamefunikwa kwa neti. Jua kali lisiyapige moja kwa moja kwa sababu hupunguza vitamini. Yakikauka hadi kuvunjika mkononi, huwekwa kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pasipo mwanga. Februari huloweshwa na kupikwa kwa nazi kama kawaida.

KUBADILISHA MAHALI PA MBOGA

Kalenda huonyesha lini; ramani huonyesha wapi. Mboga za ukoo mmoja zikirudiwa tuta lilelile, wadudu na magonjwa yake hungoja pale pale. Nyanya, biringanya, pilipili na mnavu ni ukoo mmoja, ingawa mnavu huliwa majani. Tuta lililokuwa na moja ya hizo lisipewe nyingine ya ukoo huo msimu unaofuata. Mpangilio rahisi ni huu: baada ya mboga za matunda panda kunde, baada ya kunde panda mboga za majani, kisha rudi kwenye matunda.

Katika udongo wa kichanga, viminyoo vya mizizi ni adui wa kimya. Mmea hudumaa na kunyauka mchana hata ukimwagiliwa. Ung'olewapo, mizizi huonekana imevimba vinundu. Lakini kunde yenye afya pia ina vinundu, na wengi huitupa bure. Tofauti ni hii: vinundu vizuri vya kunde vimeshikamana pembeni mwa mzizi, hubanduka kwa kidole, na vikipasuliwa ndani ni vyekundu kidogo. Vile vya viminyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na havibanduki. Tuta lenye viminyoo lipumzishwe kutoka kwa nyanya, biringanya na bamia, na lichimbwe wakati wa kaskazi.

Dhidi ya vidukari, majani ya mwarubaini, ambao wengine huuita mkilifi, hutwangwa na kulowekwa usiku kucha, kisha maji yake huchujwa, hutiwa sabuni kidogo na kunyunyizwa jioni, hasa chini ya majani ya mboga. Anayelazimika kutumia dawa ya dukani asome kibandiko na aheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mboga iliyonyunyiziwa jana haifai kuliwa leo kwa sababu tu imeoshwa.

MBEGU

Mbegu za kunde, bamia, mchicha na mnavu zinaweza kuhifadhiwa nyumbani kutoka kwa mimea yenye afya. Zikaushwe vizuri, zitiwe jivu kidogo, na zihifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa, iliyoandikwa jina na mwezi. Mbegu za chotara, kama za nyanya nyingi za dukani, hazifai kuhifadhiwa kwa sababu mazao yake hayafanani na mama.

Mbegu za dukani ziangaliwe tarehe ya mwisho na kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalothibitisha ubora wa mbegu. Kibandiko hicho hukwanguliwa na nambari yake hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Kabla ya kupanda mbegu za zamani, chukua 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi kwa siku tano hivi. Zikiota 8 au zaidi, zinafaa. Zikiota 5, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo, tafuta nyingine.

WAPANGAJI NA WASIO NA SHAMBA

Kalenda hiyo hiyo hutumika kwa gunia. Wakaazi wa vyumba vya kupanga Mtwapa, Mariakani au Malindi mjini wanaweza kujaza gunia kwa mchanganyiko wa udongo na samadi, na kuweka nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Sukuma wiki na spinachi hupandwa ubavuni kwenye matundu, na dania au vitunguu vya majani juu. Gunia moja lianze Juni na jingine Julai, ili moja likichoka jingine liwe katika nguvu. Wakati wa kaskazi magunia yahamishiwe penye kivuli cha mchana, kwani gunia hukauka haraka kuliko ardhi.

MVUA IKIBADILI MPANGO

Kalenda ni mpango, na mvua haijasaini mkataba na mtu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya nchi, yakiwemo ya kaunti hii. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko. Bustani iliyopangwa vizuri huacha nafasi kwa hali zote mbili.

Kanuni tatu husaidia. Ya kwanza, usipande kwa rasharasha ya kwanza. Chimba, ikiwa udongo umelowa hadi kina cha shubiri moja, panda. Ya pili, usimalize mbegu zote mara moja; hifadhi angalau nusu kwa kupanda tena. Ya tatu, fuatilia utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo hutoa makadirio ya msimu wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba kabla haujaanza. Ukitabiriwa msimu mfupi, ongeza mchicha na kunde na upunguze nyanya. Ikitabiriwa mvua nyingi, panda matuta ya juu, na mbegu za ukingoni mwa mto ziahirishwe hadi maji yapungue.

DAFTARI MOJA LATOSHA

Familia inayotaka kuanza haihitaji vifaa vipya. Inahitaji daftari lenye kurasa 12, ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Kila ukurasa uandikwe mambo manne: kilichopandwa na tarehe yake, kilichovunwa, kilichonunuliwa sokoni, na siku za mvua. Mwaka wa kwanza daftari litafuata kalenda iliyo hapa juu. Mwaka wa pili litaanza kuirekebisha, kwa sababu litaonyesha jinsi udongo, mvua na jiko la nyumba hiyo vilivyo. Safu ya "kilichonunuliwa" ndiyo ya kuangaliwa kwanza: kila mboga inayojirudia hapo mwezi wa Februari ina tarehe yake ya kupandwa mwaka uliotangulia, na tarehe hiyo sasa inajulikana.

Wakaazi wanaohitaji ushauri kuhusu udongo, wadudu au uchaguzi wa mbegu wanaweza kuonana na afisa wa kilimo katika wadi yao. Wadi zote 35 za kaunti ziko ndani ya kaunti ndogo saba, na ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo inaweza kumwelekeza mkaazi kwa afisa anayehusika. Wanaokwenda wabebe mmea ulioathirika ukiwa na mizizi yake, ndani ya mfuko, pamoja na daftari. Afisa anayeona mzizi na tarehe ya kupanda hutoa jibu sahihi haraka kuliko anayesimuliwa.